Molibdenamu Kidogo kwa Shamba la Mama Tumpe

Wanangu wa ugani, mliniomba kwenye kundi letu la WhatsApp niandike uzoefu wangu wa kazi, na mmoja wenu akaongeza kwamba isiwe ndefu. Huyo namjua, ndiye asiyemaliza hata kusoma maelekezo kwenye pakiti ya dawa. Nitaandika ninavyotaka. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na havikunisaidia kupanda mlima wowote wa Ileje. Nitawaambia habari za shamba moja, mama mmoja na mzee aliyenifundisha kazi, kwa sababu tangu nirudi kukaa huku kwetu Ruanda, wilayani Mbozi, ndio ninaowaota.

Wastaafu wenzangu wanalalamikia mafao na magoti. Mimi ninachokosa ni asubuhi. Naamka bado giza, navaa, nashika mabuti, ndipo nakumbuka hakuna anayenisubiri. Mume wangu ananiambia, rudi ulale mama. Nikilala nasikia pikipiki ya Mzee Kibona inakohoa nje, na Mzee Kibona mwenyewe tulishamzika. Nimeikumbuka kazi mpaka kifua kinauma, na sioni aibu kusema.

Nilipangiwa Isongole, wilayani Ileje, nikiwa msichana, nimetoka tu chuo cha kilimo. Songwe ilikuwa haijawa mkoa, bado tulihesabiwa Mbeya. Nilifika na sanduku la bati, matope hadi magotini, na Kinyiha changu ambacho kwa Wandali hakikunifikisha popote. Tuliokolewa na Kiswahili, mimi na lafudhi yangu, wao na yao.

Bwana shamba niliyemkuta alikuwa huyo Mzee Kibona, mtu mwembamba wa makamo, mzaliwa wa milima ileile. Hakuniuliza nimesoma chuo gani. Alinipeleka nyuma ya ofisi palipokuwa na maharage machache, akanionyesha shina moja na kusema, "Ng'oa." Nikalishika nikalivuta kwa nguvu zangu zote. Akatazama kilichobaki mkononi mwangu akasema nimeng'oa majani, mizizi nimewaachia panya. Akachukua jembe, akachimba pembeni taratibu, akainua shina pamoja na bonge lake la udongo, akaliloweka kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ukaachia wenyewe. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo vidogo. Akakipasua kimoja kwa ukucha wa dole gumba, na ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

Wenzangu wengi mpaka leo wanakwenda shambani, wanatazama majani, wanaandika. Majani husema uongo. Manjano ya njaa ya naitrojeni na manjano ya maji kusimama yanafanana, na mkulima ukimwambia anunue mbolea wakati tatizo ni maji, mwakani hakufungulii mlango. Chimbeni. Ukikuta ndani ya kinundu ni pekundu, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, kimelala. Na mkikuta mama anavikwanyua vinundu akidhani ni ugonjwa wa minyoo, msimcheke, maana hakuna aliyemwambia.

Kinafanya kazi gani, ndilo lilikuwa somo la Mzee Kibona. Chuoni nilikuwa nimekariri kwamba mikunde huvuta naitrojeni hewani, nikapata alama nzuri, na sikuwa nimeelewa hata chembe. Yeye aliipenda kemia mno. Tulipokuwa tunapanda milima kwa pikipiki alinifundisha akiwa ananipa mgongo, na nusu ya maneno ilichukuliwa na upepo, kwa hiyo kesho yake nilimwomba arudie, na alirudia kwa furaha ileile.

Alisema hewa tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni, na tunaipumua nje kama tulivyoiingiza. Chembe zake zinatembea mbili mbili, atomi mbili zimeshikana kwa mikono mitatu, na zikishikana hivyo hazimtaki mtu. Maharage yanaweza kufa njaa huku yanaogelea ndani ya chakula. Kiwandani wanazitenganisha kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na hata huko hawafanikiwi bila kuweka chuma. Lakini ndani ya kinundu kuna bakteria, na ndani ya bakteria kuna kishada cha madini, chuma kingi na molibdenamu kidogo, na hicho kinaifanya kazi ileile kwenye ubaridi huu wa Ileje unaotutetemesha.

"Inafanyaje?" nilimuuliza siku moja tumesimama kuziba pancha.

Aliweka pampu chini. Akanishikisha mikono yangu yote miwili pamoja, vidole vimefumana. Kisha akaugusa mkono wangu mmoja kwa ncha ya kidole. Alisema naitrojeni inakaribia madini kwa ncha moja, na kwenye hiyo ncha ina elektroni mbili za kutoa, inayapa madini. Madini nayo hayakai na deni la wema, yanarudisha elektroni zake, lakini yanazirudisha mahali pabaya, pale katikati ambapo atomi mbili zimeshikana. Zikiingia pale, mshiko unalegea. Madini yanazidi kusukuma, mshiko unazidi kulegea, haidrojeni zinaingia moja moja, mpaka mwisho kila atomi imekuwa amonia na mmea unaila. Akanifumbua vidole. Namna hasa kishada kile kinavyofanya hatua kwa hatua, alisema, hata waliosoma kushinda sisi wanabishana.

Na hapo akatazama upande wa mto Songwe. Baadaye ndipo niliposikia kwa wengine kwamba aliwahi kupata nafasi ya kwenda mbali kusomea jambo hilohilo. Kuna wanakemia wanaochukua kipande cha madini, wanakivisha vitu vya kukishikilia, wanakipulizia naitrojeni ndani ya chupa, na madini yanaishika bila mmea wala bakteria. Alitaka kuiona chupa hiyo kwa macho yake. Baba yake akaugua, wadogo zake walikuwa wengi, akabaki. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila kila tukipita darasa la sekondari mwalimu akiwa anafundisha kemia, alipunguza mwendo.

Sasa niwaambie habari za Mama Tumpe. Alikuwa mjane wa rika langu, ana watoto watatu, Tumpe ndiye mkubwa. Mumewe alikuwa amemwachia shamba la mteremkoni, lakini shamba ni la ukoo. Kwa utaratibu wa ukoo ule, mjane anakaa na kulima maadamu shamba linalisha watoto wa marehemu. Likishindwa kuwalisha, ukoo unalichukua, yeye anarudi kwa baba yake, na watoto wanabaki kwa ndugu za baba yao. Kwao Mama Tumpe kulikuwa ng'ambo, upande wa Malawi. Aliniambia mwenyewe, bila kulia, kwamba usiku anawahesabu watoto kwa mkono gizani, kisha anawahesabu tena.

Shemeji yake Anyosisye alikuwa analitaka lile shamba apande misonobari. Sitamchora kama shetani, maana hakuwa. Alikuwa mtu mchapakazi aliyeona mteremko umekaa bure, na mbao zilikuwa zimeanza kutafutwa. Alisema wazi kwamba akilichukua atawalea watoto wa kaka yake, na nilimwamini. Tatizo ni kwamba watoto walikuwa na mama.

Na shamba lilikuwa limekataa kweli. Misimu miwili mfululizo maharage yaliota, yakafika kwenye goti, yakageuka manjano, yakazaa maganda yenye punje moja moja. Tuliweka samadi, manjano. Tukaleta unga wa bakteria kutoka kwa watafiti, tukapaka mbegu kivulini kama inavyotakiwa, manjano tena. Tukichimba tunakuta vinundu vipo, vingi tu, na ndani vyeupe pe. Bakteria wameingia, wamejenga nyumba, wamekaa. Mzee Kibona alikuwa anakipasua kimoja baada ya kingine, na uso wake unazidi kukunjamana.

Siku moja alimuuliza mama mkwe wa Mama Tumpe kama shamba lile limewahi kuzaa. Bibi yule alikuwa mkali wa maneno, anaongea Kindali tupu, na Kiswahili alikitumia pale tu alipotaka kukugombeza. Alisema wakati wake lilizaa mpaka wakakosa pa kuweka. Wakati wake walikuwa wanakata matawi, wanayarundika, wanachoma, wanapanda kwenye majivu, kama chitemene ya ndugu zetu wa Zambia. Kisha moto wa mtu mmoja ukatoroka ukala msitu na nyumba, kijiji kikakataza kuchoma. Tangu hapo hajaona majivu shambani.

Mzee Kibona alisimama katikati ya sentensi ya bibi, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake. Ofisini ndipo akanieleza. Udongo ule mwekundu ni mchachu, na kwenye udongo mchachu molibdenamu inang'ang'ania kutu ya udongo, haiachii. Majivu yalikuwa yanapunguza uchachu, madini yanafunguka. Bila majivu, bakteria wana chuma lakini hawana kile kidogo kingine, kishada hakikamiliki, na naitrojeni inapita mlangoni bila kushikwa.

Majivu ya jikoni kwa shamba zima yasingetosha, na chokaa ya kilimo ilikuwa haijulikani huko. Lakini molibdenamu inayotakiwa ni kidogo sana, ya kupaka mbegu tu. Madukani Tunduma tulizunguka mpaka wauzaji wakaanza kutukimbia. Mmoja alituuliza kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiingereza kama hiyo ni dawa ya kuku. Aliyetuokoa ni mwalimu wa kemia wa sekondari moja, ambaye kabatini kwake alikuwa na chupa ya chumvi ya molibdenamu, ile wanayotumia kupima fosfati. Mkuu wa shule alitaka kujua kwa nini kilimo kinaomba vitu vya mtihani. Mzee Kibona akamwanzishia habari ya mikono mitatu, na kabla hajafika kwenye elektroni mkuu alikuwa ameshakubali ili atoke.

Tuliyeyusha chumvi kwenye maji, tukachanganya na uji mwepesi ili ishike, tukapaka mbegu za Mama Tumpe, tukazitandaza kwenye mkeka zikauke. Zilitoka na ukungu mweupe juu yake. Hapa nawaambia kitu cha kazi: bakteria msiwachanganye na chumvi hiyo na kuwaacha wakae, watakufa. Sisi bakteria tulikuwa nao tayari udongoni, wamelala.

Mvua zikaja. Wiki zikapita. Shamba likaota, na likafanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena. Sehemu ya juu ya mteremko ilikuwa kijani ya kukolea. Sehemu ya chini ilikuwa manjano ileile ya siku zote. Kati yake palikuwa na mstari, umenyooka. Mama Tumpe alitutazama usoni mmoja baada ya mwingine.  Mzee Kibona akasema labda chini uchachu umezidi, lakini sauti yake ilimsuta.

Anyosisye hakungoja mavuno. Maharage yalipotoa maua aliomba ukoo ukutane palepale shambani, ili miche ya misonobari aiwahishe kabla mvua hazijakatika. Baba mkubwa wa ukoo alikuja na fimbo yake, wazee wengine wakaja, sisi tukaitwa kwa kuwa tulijiingiza. Mama mkwe alikaa chini peke yake, pembeni ya wanawake. Mama Tumpe alisimama na watoto wote watatu wamemshika kitenge.

Anyosisye aliongea vizuri, na ndicho kilichonitia hofu. Alisema kijani wanachokiona ni dawa ya serikali, na dawa yenyewe haikutosha hata kufika chini. Ardhi ni ileile. Mwakani mabwana shamba watahamishwa, dawa haitakuwepo, na watoto wa marehemu watalala njaa. Wazee wakaitikia. Baba mkubwa akamgeukia Mzee Kibona akamuuliza kwa nini chini kumekuwa manjano, wakati mbegu ni moja na mkono ni mmoja.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi ningetunga. Ningesema maji, ningesema kivuli, ningesema chochote. Mzee Kibona alivua kofia.

"Baba, sijui," akasema.

 Nilisikia Mama Tumpe anavuta pumzi na hazitoki. Ndipo mama mkwe akasema kitu kwa Kindali, bado ameketi, na watu wote wakamgeukia. Mzee Kibona alisahau kunitafsiria. Bibi alinitazama, akaona sijaelewa, akarudia kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kugombeza.

"Ya njano nimepanda mimi. Mbegu zilikuwa na uchafu mweupe. Nikaziosha mtoni."

Kumbe Mama Tumpe alipanda juu alfajiri, mtoto mdogo akashikwa na homa, akarudi nyumbani. Bibi akaja kumalizia na kikapu kilichobaki, na Mama Tumpe hakudhani kwamba hilo lina maana yoyote. Katika nyumba ile mbegu hukaa darini juu ya moshi, na kabla ya kupanda huoshwa masizi, mama yake alifanya hivyo na mama wa mama yake. Mbegu haikwenda ardhini na uchafu. Alipoona ule weupe akaenda mtoni akaziosha zikang'aa, akapanda kwa upendo wote. Na alipoona manjano yanakuja, akajua, akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu Anyosisye naye ni mwanawe, wa kumzaa, na ndiye pekee aliyebaki.

Anyosisye akasema taratibu, "Mama."

"Wewe una shamba," bibi akamwambia. "Na mama unaye. Hawa mama yao ni huyu tu."

Baba mkubwa aliamuru ing'olewe mimea miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mzee Kibona aliichimba mwenyewe, magotini, hakumruhusu mtu kumsaidia. Wakaleta maji. Akapasua kinundu cha chini, cheupe. Akapasua cha juu. Wazee waliinama wote pamoja mpaka kofia zikagongana. Chekundu. Baba mkubwa alikitazama muda mrefu, akauliza dawa ya namna hiyo kwa shamba zima inajaa chombo gani, na Mzee Kibona akamwonyesha ncha ya kijiko. Baba mkubwa akasema basi, mama wa watoto avune, na mwakani apande, na kikao kimekwisha.  Mama Tumpe alikaa chini kwenye udongo, na watoto wakamkalia mapajani wote watatu.

Anyosisye aliondoka bila kuaga. Msimu uliofuata alikuja ofisini, akazunguka zunguka kwenye habari za mvua, kisha akauliza kama ile dawa inafaa misonobari. Haifai. Tulimpa ushauri wa misonobari, na chai.

Siku ile ya kikao tulipofika kwenye pikipiki Mzee Kibona hakuipiga teke. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwiko. Nilikuwa nimejaa furaha, nikamwambia, Mzee, umeiona sasa, madini yameishika naitrojeni mbele ya ukoo mzima, hata wale wa kwenye chupa hawana watazamaji kama hawa. Nilidhani namfariji.

"Nzunda," akaniita kwa jina la ukoo wangu kama alivyozoea, "nilitaka kwenda. Bado nataka."

Kisha akawasha pikipiki tukashuka. Hatukulizungumza tena. Alistaafu, akarudi kwenye maharage yake, na alipofariki nilikuwa semina Vwawa, nikafika kaburi limeshafunikwa. Nilikuwa mdogo mno kuielewa ile sentensi yake. Nilidhani mtu akifanya jema kubwa moyo unatulia. Sasa nimemaliza kazi yangu, nimefanya mema yangu machache, na kila asubuhi bado nataka.

Wiki mliyonifanyia sherehe, Mama Tumpe alinipigia. Siku hizi ni bibi, watoto wa Tumpe wanamsumbua. Akaniuliza msimu huu naja lini, maana kuna upande wa shamba haelewi. Nikamwambia nimestaafu, mama, watakuja vijana, ni wazuri, wamesoma.  Akauliza, "Wanapajua nyumbani?"

 Nilimwambia mtandao unasumbua, na haukuwa unasumbua.

Basi sikilizeni. Ukifika Isongole sokoni acha pikipiki, mbele ni utelezi. Shuka mpaka mtoni, vuka kwenye magogo, si kwenye mawe. Pandisha na njia ya mkono wa kulia hadi utakapoona misonobari mirefu ya Anyosisye, ambaye naye ni marehemu sasa. Ukiipita tu, mteremko wote wa kijani unaouona ni wa Mama Tumpe. Atakuja kukutazama mikono kwanza, kama imezoea udongo. Usimwambie umetumwa na ofisi. Mwambie umetumwa na Nzunda, na kwamba Nzunda alitaka kuja mwenyewe.